Chupa ya Insulini Inapochelewa Kwisha: Kutambua Ulaji Uliovurugika kwa Vijana Wenye Kisukari

Chupa ya insulini ya mililita 10 huwa na yuniti 1,000. Kijana mwenye kisukari aina ya kwanza anayetumia yuniti 40 kwa siku huimaliza kwa siku 25. Akirudi kliniki baada ya miezi miwili na chupa ileile haijaisha, hesabu hueleza jambo ambalo daftari lake, lililojazwa nadhifu kwa kalamu moja, halielezi: dozi nyingi hazikuchomwa.

Mkoani Katavi, sababu ya kwanza kuchunguzwa ni njaa. Miezi ya kabla ya mavuno, chakula hupungua katika baadhi ya kaya, na kijana asiye na uhakika wa mlo hupunguza dozi kwa kuogopa sukari kushuka. Hofu hiyo ina msingi. Kijana huyo hupangiwa dozi upya pamoja na mtoa huduma. Hakemewi, wala haambiwi aache insulini kabisa. Joto la Mpanda nalo huweza kuharibu dawa isiyohifadhiwa mahali pa baridi, lakini hapo sukari hupanda ilhali chupa inaisha kwa wakati wake.

Lipo kundi la tatu, gumu zaidi kulitambua. Chukulia binti wa miaka 16 kutoka Majimoto. Alikonda sana kabla ya ugonjwa kugunduliwa. Insulini ikamrudishia mwili, na wenzake shuleni wakaanza kumtania kwa unene. Siku moja akaruka sindano, na baada ya wiki kadhaa za kufanya hivyo akaona gauni linapwaya ingawa anakula kama kawaida. Wasichana ndio wengi katika hali hii, lakini wavulana nao wamo.

Gharama yake ni kubwa. Bila insulini, sukari haiingii kwenye seli, hupotea kwa mkojo, na mwili huchoma mafuta yake wenyewe na kuzalisha asidi za ketoni. Kiu kali, kutapika, maumivu ya tumbo na kupumua kwa kasi ni dharura. Kwa kuwa hali hiyo huweza kudhaniwa kuwa malaria, sukari ipimwe hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha vimelea.

Kulazwa mara kwa mara kwa sababu hiyo, kukataa kupanda mizani, kujitenga wakati wa kuchoma sindano, kula kwa siri kisha kujinyima, na hedhi kukoma ni dalili za kufuatiliwa. Kijana aulizwe akiwa peke yake, mzazi akisubiri nje, na swali lisiwe la mashtaka: “Wengi hupitiwa na dozi. Kwako wiki hii zilikuwa ngapi?”

Dozi hurejeshwa kidogo kidogo chini ya uangalizi. Katika siku za mwanzo miguu huweza kuvimba kwa maji, nayo hupungua baadaye. Kijana aambiwe hilo mapema, maana asipojua, uvimbe huo atauona kuwa ushahidi kwamba insulini inamnenepesha, naye ataiacha tena.