Gunia halina tarehe

Mnunuzi makini wa dukani Gwarama, mkoani Kigoma, huigeuza pakiti ya maziwa akitafuta tarehe. Anafanya vema, ingawa tarehe zenyewe si za aina moja. Ile inayosema mwisho wa kutumika inahusu usalama. Inayosema bora kutumika kabla ya siku fulani inahusu ubora tu, na biskuti zilizoipita kwa wiki mbili huenda zimelegea bila kumdhuru mtu. Zote mbili zinahesabu kwamba pakiti haijafunguliwa na imetunzwa inavyotakiwa. Ikishinda juani au ikifunguliwa, hesabu hiyo imevunjika.

Lakini kinachojaza sufuria za Kibondo na Kasulu, yaani mahindi, maharage, karanga na muhogo, hakina tarehe hata moja, na hatari kubwa iko huko. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu inayotolewa na kuvu wa nafaka. Kenya mwaka 2004 ilizika 125 kwa sababu hiyo hiyo. Kuvu hawa wanataka joto na unyevu, na unyevu wa mahindi ya kuhifadhi haupaswi kuzidi asilimia 13.5. Huku milimani, ambako mvua inaweza kunyesha kuanzia Oktoba hadi Mei, mahindi ya mapema huingia ndani yakiwa bado mabichi. Kuna kipimo cha nyumbani: tia kiganja cha chumvi kavu na viganja viwili vya mahindi kwenye chupa kavu ya kioo, funga, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Isiponata, bado yaanike siku nyingine, maana chumvi haioni unyevu mdogo. Hata unga wa pakiti, tarehe yake haisemi mahindi yalianikwa vipi.

Wapo watakaosema ugali hupikwa kwa moto mkali. Moto unaua kuvu, lakini sumu waliyokwisha kuiacha inastahimili joto la jikoni. Kupika pombe pia hakuiondoi, na kuku wakilishwa mahindi hayo wanadhurika. Watasema wazee walikula wakaishi. Wengi waliishi, ila sumukuvu kidogo kidogo huharibu ini kwa miaka, na anayekufa kwa saratani ya ini uzeeni hakuna anayeyashtaki mahindi. Hoja nzito ni ya mwenye gunia moja tu, nalo limeingia ukungu: akilitupa, ale nini? Kumwambia atupe lote ni rahisi kwa aliyeshiba. Achambue punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu hukaa humo, ingawa punje safi kwa macho si kinga kamili. Kazi yenyewe hasa ni ya wakati wa kuvuna: turubai badala ya udongo mtupu, gunia juu ya mbao badala ya sakafuni, na mwezi wa mavuno uandikwe kwa kalamu ya wino mzito juu ya gunia, ili la zamani litangulie kuliwa.