Motokari imeliwa na kutu: ujifunze sudire, au umpe fundi?



Jumatatu moja asubuhi mwenzetu mmoja wa kazi alifika kwenye dispansere yetu akiongozwa na bibi yake kama kipofu. Macho yalikuwa mekundu na yamevimba. Machozi yalitoka bila kukoma, na mwanga wa dirisha ulimchoma kama sindano. Alisema: «Munganga, ni kama mtu amenijazia mchanga machoni usiku.»

Mchanga haukuwamo. Jumapili mchana alikuwa ameshika bageti ya sudire kwa mara ya kwanza, na machoni alivaa miwani ya jua tu. Alitaka kuziba matundu ya Land Rover yake ya zamani.

Motokari hiyo aliinunua Baraka, kwa mtu aliyechoka nayo. Alitaka bibi yake apakie samaki na ndakala kule ziwani, apande nao mpaka Fizi, na kurudi na mihogo na maharagwe. Mpango ulikuwa mzuri. Lakini mvua na matope ya miaka mingi yalikuwa yamekula chuma kwa chini. Fundi alimtajia bei, akaiona kubwa. Akajiambia: «Mbona nisijifunze mwenyewe?»

Swali hilo si la kijinga. Wengi wenu mnalo. Mimi ni msaidizi wa munganga, si fundi wa vyuma. Kwa hiyo nilikwenda Baraka kwa fundi mmoja mzee, nikakaa naye nusu siku. Haya ninayoandika ni ya kwake na ya dispansere, yakiwekwa pamoja.

JUA KWANZA KUTU IMEKULA WAPI

Land Rover za zamani, zilizoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, zina bodi ya aluminiamu. Aluminiamu haitoi kutu nyekundu kama chuma. Basi mnunuzi anatazama milango, anaiona mizima, moyo wake unatulia. Lakini shasi, ile mifupa ya chini inayobeba mzigo wote, ni ya chuma. Mihimili yake ina uwazi ndani. Matope na maji hukaa mle, na chuma huoza kutoka ndani kuja nje. Unapoona tundu, ugonjwa ni wa siku nyingi.

Chukua nyundo ndogo na turnavisi, ulale chini ya motokari iliyowekewa magogo imara, si jeki peke yake. Gonga polepole. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hujibu kwa sauti ya bubu, na turnavisi huzama ndani yake. Kila mahali pabaya tia alama ya chaki.

Kisha hesabu alama zako katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni sehemu zisizobeba kitu, kama bati la pembeni au kishikio cha taa. Fungu la pili ni shasi, mahali resori zinapofungwa, usukani, freni, na mahali mikanda ya viti inaposhikwa. Sehemu za fungu la pili si za mwanafunzi. Mpe fundi mzoefu, hata kama itakubidi ungoje miezi kadhaa ili upate feza.

KWA NINI USIJIFUNZIE JUU YA MOTOKARI

Fundi mzee alinionyesha vipande viwili vya chuma vilivyoungwa na mwanafunzi wake. Kwa juu mshono ulikuwa mzuri, umelala kama mgongo wa kiwavi. Akakibana kimoja, akakipiga nyundo mara mbili. Kikakatika palepale kwenye mshono. «Moto haukuingia,» akasema. «Umelala juu tu kama ugali uliomwagika mezani.»

Hiyo ndiyo hatari ya chuma kinene. Kwa bati jembamba mambo hugeuka. Bati la motokari mara nyingi halifiki unene wa milimita moja. Bageti ya milimita 2,5 au 3,2, ile ya kutengenezea milango na madirisha, hulitoboa mara moja. Ulikuwa na tundu la kidole, sasa unalo la ngumi. Na juu ya aluminiamu, bageti ya kawaida ya chuma haifai kabisa.

Mshono wa benchi ukikatika, utaanguka matakoni na watu watacheka. Mshono wa shasi ukikatika kwenye mteremko wa kutoka Fizi kwenda Baraka, juu ya mzigo wamekaa bibi yako na watoto wa jirani. Hapo hakuna wa kucheka.

MAMBO MANNE TUNAYOYATIBU

1. Macho. Mwanga wa sudire una miale ambayo jicho haliioni, lakini inaliunguza. Uchungu hauji saa ileile. Unakuja baada ya saa kadhaa, mara nyingi usiku. Miwani ya jua haizuii. Kwa sudire ya umeme tumia kinyago chenye kioo cha nambari 10 au 11. Ukiungua, usisugue. Usitie maziwa ya mama, wala maji ya sukari, wala dawa ya jirani. Kaa gizani, weka kitambaa safi chenye maji baridi juu ya macho yaliyofungwa, uje dispansere. Kwa kawaida hupona kwa siku moja au mbili. Kipande cha chuma kikiruka ndani ya jicho, usikitoe mwenyewe. Njoo saa ileile.

Mama, watoto wanapenda kusimama kando ya njia kutazama fundi akitoa nyota. Waondoe. Hata aliye mbali kidogo anaungua.

2. Moshi. Mwaka 2017 wataalamu wa shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa, waliokutana Lyon, Ufaransa, waliuweka moshi wa sudire kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu. Wewe unayefanya kazi katika vumbi la mawe, mapafu yako yana mzigo tayari. Usiyaongezee. Fanya kazi nje, simama ili upepo upeleke moshi mbali na uso wako. Kwangua rangi na kutu kabla ya kuwasha, ukiwa umefunika pua na kinywa, kwa maana rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi.

Jihadhari zaidi na bati lililopakwa zinki, kama la kuezekea nyumba. Likichomwa hutoa moshi mweupe. Saa chache baadaye mtu anatetemeka kwa baridi, anapata homa, viungo vinauma, na kinywani ana ladha ya chuma. Hapa kwetu kila homa tunaiita malaria. Mtu anameza vidonge, kesho anapona, anasifu vidonge, Jumapili anachoma zinki tena. Lakini usigeuze kosa upande wa pili na kusema kila homa ni ya moshi, kwa maana malaria inaua. Njoo tupime damu, na utuambie kwamba ulisudire.

3. Esansi. Tangi tupu ni hatari kuliko tangi lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki ndani unalipuka. Tangi la esansi au mazutu lisiguswe na moto kabisa nyumbani, hata likioshwa. Na ukisudire mahali pengine pa motokari, tangi litolewe kwanza na kuwekwa mbali, na betri pia. Hapa Kivu ya Kusini hatuhitaji mfano wa mbali. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange, upande wa Uvira. Watu zaidi ya 230 walikufa kwa moto wake. Moto ule haukutoka kwa sudire, lakini ulitufundisha kwamba mafuta yaliyomwagika hayangoji.

4. Umeme. Mashini nyingi za mitaani zimefungwa kienyeji kwa waya za shaba, bila kifuniko. Usisudire penye maji, wala na nguo zilizolowa kwa jasho au mvua. Vaa viatu vikavu na ganti kavu za ngozi. Na grupu ya umeme isiwake ndani ya nyumba hata dakika moja. Moshi wake unaua bila harufu kali ya kukuonya.

Mtu akiungua ngozi, maji safi ya baridi yapite juu ya kidonda kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, majivu wala mafuta ya mawese.

SASA UAMUE

Jiulize maswali matatu. Je, nina mtu wa kunifundisha, atakayesimama karibu yangu siku nyingi? Je, nina kinyago, ganti, viatu na nguo nzito za pamba, vyote vyangu, kabla ya bageti ya kwanza? Je, motokari ikiisha kupona, kazi hii nitaiendeleza?

Kama jibu la moja ni hapana, mlipe fundi. Bei yake itakuwa ndogo kuliko ya kununua vyombo utakavyotumia mara moja, na tena ndogo kuliko ya jicho.

Kama majibu yote matatu ni ndiyo, jifunze. Sikukatazi. Mgodi hautakuajiri milele, na mwenye kujua kuunga chuma hakosi kazi: milango, mikokoteni, majembe, benchi za shule. Ila jifunze sudire kwa ajili ya maisha yako, si kwa ajili ya motokari moja. Anza na vipande vya kutupwa. Vibane, uvipige nyundo. Siku vitakapopinda bila kukatika, muulize mwalimu wako kama umefika.

Mwenzetu yule wa Jumatatu alipona macho. Alimpelekea fundi mzee shasi, akapatana naye alipe kidogo kidogo, na kila Jumamosi aende kukwangua kutu na kukata vipande. Kazi yake ya kwanza iliyokubaliwa na nyundo ilikuwa kiti cha kukalia bibi yake sokoni. Land Rover bado iko juu ya magogo. Bibi yake aliniambia: «Munganga, mimi nangoja. Ndakala zilipanda Fizi kichwani mwangu miaka yote. Zinaweza kupanda mwaka mmoja tena.»