Prey 2: Walioijenga Hawakuwa na Jina

Mwishoni mwa Oktoba 2014, Pete Hines, makamu wa rais wa kampuni ya Marekani ya Bethesda Softworks, alithibitisha kuwa gemu ya Prey 2 haitatoka tena. Ilikuwa imetangazwa kwa mara ya kwanza mwaka 2008, ikatambulishwa upya mwaka 2011 kwa trela iliyowasisimua wachezaji, ikaahidiwa kuwa itatoka mwaka 2012, kisha ikaahirishwa na kunyamaziwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba kazi haikufikia kiwango kilichotakiwa. Anayeishia hapo atadhani hii ni habari ya mafundi walioshindwa kazi. Mikataba inasimulia mengine.

Prey ya kwanza ilianza kutengenezwa mwaka 1995 na 3D Realms ya Texas, ikakwama kwa miaka mingi, hatimaye ikakamilishwa na Human Head Studios ya mji wa Madison, jimbo la Wisconsin, na kuingia sokoni mwaka 2006. Lakini jina la Prey halikuwa la Human Head. Haki zake zilitoka 3D Realms zikaenda Radar Group, na mwaka 2009 zikanunuliwa na ZeniMax Media, kampuni mama ya Bethesda. Waliolifikisha toleo la kwanza sokoni wakawa vibarua tu katika toleo la pili.

Utaratibu wa biashara hii ndio unaoumiza. Mchapishaji, kama Bethesda, humtangulizia mtengenezaji, kama Human Head, fedha kwa mikupuo, kila mmoja ukitolewa baada ya hatua fulani ya kazi kukaguliwa na kukubaliwa. Fedha hizo ndizo mishahara, kodi ya ofisi na umeme. Gemu ikiuzwa, mchapishaji hujirudishia kwanza alichotanguliza, na ni baada ya hapo ndipo mtengenezaji huonja mirabaha, kama ipo. Kwa hiyo kila mwezi wa kuchelewa una bei yake: timu ileile inalipwa bila chochote kuingia, na kiasi cha kurudishwa kabla ya mirabaha kinazidi kupanda. Hatua moja ikikataliwa, studio isiyo na akiba imekwama. Mwenye jina na fedha anaweza kusubiri mwaka mzima. Mwenye ujuzi peke yake hawezi.

Chris Rhinehart, aliyeongoza mradi huo ndani ya Human Head, alieleza baadaye kuwa kazi ilikuwa ikienda vizuri. Kampuni yake ilijaribu kujadili upya mkataba huku gemu ikiendelea kutengenezwa, mazungumzo yakavunjika, na kazi ikasimama. Sina sababu ya kumwita yeyote kati yake na Hines mwongo. Kinachonisikitisha ni kwamba mazungumzo yalipovunjika, upande mmoja uliondoka na kila kitu. Mwaka 2017 Bethesda ilitoa gemu nyingine kabisa, iliyotengenezwa na Arkane ya Austin, isiyohusiana na kisa cha awali, na ikaipa jina lilelile: Prey. Hata Raphaël Colantonio, aliyeiongoza Arkane wakati huo, amesema hadharani kwamba hakulitaka jina hilo, na kwamba aliona linawadharau waliotangulia.

Tangu wakati huo gharama zimepanda mno. Nyaraka zilizojitokeza katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Microsoft mwaka 2023 zilionyesha kuwa gemu ya The Last of Us Part II iligharimu takriban dola milioni 220. Kwa viwango hivyo, bodi inayotazama mradi uliochelewa huuliza swali moja tu: fedha tutakayoongeza itarudi? Iliyokwisha kuzama haihesabiwi tena. Julai 2025 Microsoft iliifuta gemu ya Perfect Dark, iliyotangazwa mwaka 2020 ili kufufua mfululizo uliokuwa kimya tangu 2005. Studio ya The Initiative, iliyokuwa ikiitengeneza, ikafungwa, katika wimbi lilelile lililowapunguza wafanyakazi wapatao 9,000 wa kampuni hiyo.

Kufuta kunaweza kuwa uamuzi sahihi kabisa wa kifedha, na sidai wachapishaji walazimishwe kukamilisha kila walichokianza. Ninachodai ni mkataba wa haki: utaje fidia pale mchapishaji anapovunja kazi, na utoe nafasi ya haki kurudi kwa waundaji ikiwa mwenye jina hakulitumia kwa muda uliokubaliwa. Waandishi wa vitabu wamekuwa na kifungu cha namna hiyo kwa miaka mingi. Watengenezaji wa gemu wanastahili vivyo hivyo.

Human Head ilifungwa Novemba 2019, na wafanyakazi wake wakaajiriwa na Bethesda ileile kwa jina jipya la Roundhouse Studios. Mwaka 2021 Microsoft ilikamilisha ununuzi wa ZeniMax, uliotangazwa kwa thamani ya dola bilioni 7.5. Mei 2024 Arkane Austin nayo ikafungwa, na Roundhouse ikamezwa na ZeniMax Online Studios. Human Head na Arkane Austin, zilizohangaikia Prey, hazipo tena, na jina ni mali ya Microsoft.