Vita vya Babu Havimo Daftarini

Mwulize mwanafunzi wa sekondari kule Ekalakala, Machakos, Vita vya Pili vya Dunia vilianzaje. Atakutajia Hitler na Poland, 1939, bila kubabaika. Sasa mwulize kuhusu Khedive Ismail. Pengine kimya!

Meli hiyo iling'oa nanga Mombasa Februari 1944 na wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12 nyambizi ya Japani ikaizamisha karibu na Maldives, wakafa watu 1,297. Na Wakamba, msomaji, waliandikishwa jeshini kwa wingi.

Mtihani hupenda sababu na matokeo. Mwalimu naye afanyeje? Waliorudi kutoka Burma karibu wote wamekwisha kuaga dunia. Wana wao bado wapo vijijini, wanakumbuka walichosimuliwa, ila silabasi haimtumi mtoto kwao.