Mamlaka ya majina mengi, mto mmoja

Muulize mkazi wa Magomeni nani anamletea maji, huenda akakujibu "Dawasco", ingawa kampuni hiyo iliunganishwa na DAWASA mwaka 2018. Si wa kulaumiwa. Tangu miaka ya 1980, mwenye dhamana ya maji ya Dar es Salaam ameitwa NUWA, DAWASA, City Water, Dawasco, kisha DAWASA tena. Nembo kwenye bili ilibadilika, mto ukabaki uleule.

Mto huo ni Ruvu, unaoanzia milima ya Uluguru. Mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, ulijengwa 1959. Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, ukafuata 1976. Baada ya kupanuliwa, Juu unaweza kuzalisha lita milioni 196 kwa siku na Chini milioni 270. Mtambo mkongwe wa Mtoni na visima huongeza kidogo tu.

Katika majina yote hayo, lililoacha kelele ni City Water. Mwaka 2003, kwa msukumo wa wakopeshaji, hasa Benki ya Dunia, uendeshaji ulikabidhiwa ubia huo wa Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na mwekezaji wa Kitanzania. Mitambo na mabomba vikabaki mali ya DAWASA; City Water ikapewa kusoma dira, kukusanya fedha na kutengeneza. Mkataba ulikuwa wa miaka kumi, lakini miwili haikutimia. Mei 2005 Serikali iliuvunja na mabosi wa kigeni wakaondolewa nchini. Biwater ikakimbilia usuluhishi wa kimataifa. Julai 2008 wasuluhishi walisema Tanzania ilikiuka wajibu wake kwa mwekezaji, ila hawakumpa mwekezaji huyo fidia yoyote. Tulishinda kwa mfuko, tukashindwa kwa hoja.

Kisheria, DAWASA inahudumia Dar es Salaam na sehemu za Mkoa wa Pwani, kwa majisafi na majitaka. Hayo ya pili hayasemwi sana, labda kwa kuwa nyumba nyingi bado zinategemea mashimo na magari ya kunyonya.

Oktoba 2022 ukame uliushusha Ruvu, mgao ukatangazwa. Mitaani ikatawala mikokoteni: madumu ya njano ya lita 20, kipande cha nailoni kikiwa kimebanwa chini ya kifuniko ili maji yasimwagike njiani. Mnunuzi huuliza bei baadaye. Kwanza huuliza, ya chumvi au baridi? Ya chumvi, ya kisimani, ni ya kufulia na kudeki. Baridi ni ya chai.

Mwaka huohuo ulisainiwa mkataba wa bwawa la Kidunda, Morogoro, la lita bilioni 190, ili maji ya masika yashushwe mtoni wakati wa kiangazi. Ukipiga hesabu, hayo yanazidi uzalishaji wa mwaka mzima wa mitambo yote miwili, ukiacha yanayopotea kwa jua. Ni uamuzi sahihi uliochelewa mno. Lakini bwawa halizibi bomba linalovuja.

Kwa hiyo, msomaji, usiku funga koki zote uchungulie dira yako. Ikiendelea kuzunguka, uvujaji uko kwako na bili ni yako. Yanayomwagika kabla ya dira ni ya DAWASA, nayo iyatangaze kila mwezi, mtaa kwa mtaa.