Gari jipya la taka halitoshi bila ndoo ya pili jikoni

Sensa ya 2022 ililikuta Jiji la Mbeya likiwa na watu zaidi ya 540,000 na Manispaa ya Iringa zaidi ya 200,000. Katika miji kama hii, taka zikirundikana mtaani, kilio cha kwanza huwa uhaba wa magari. Magari yanahitajika, ila kazi yake ni kuhamisha tu. Hatima ya taka huamuliwa jikoni, pale maganda ya viazi yanapotupwa ndoo moja na betri ya tochi, pampasi na chupa ya soda.

Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2018 kwamba katika nchi za kipato cha chini, asilimia 56 ya taka ni mabaki ya chakula na majani. Kwa miji inayolishwa na viazi vya Umalila, ndizi za Rungwe na mahindi ya Iringa, hilo halishangazi. Taka hizo zikifukiwa dampo bila hewa, vijidudu huziozesha na kuzalisha methane, gesi ambayo katika miaka 100 hupasha dunia joto takribani mara 28 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi. Mvua ikinyesha, maji hupenya lundo na kutoka meusi, yamebeba vimelea na, betri zikiwamo, metali nzito. Mji wa Iringa umekaa juu ya bonde la Mto Ruaha Mdogo, na maji hufuata mteremko. Mabaki hayohayo yakitengwa, yakachanganywa na majani makavu na kupinduliwa yapate hewa, hupata joto yenyewe. Likidumu nyuzi 55 kwa siku kadhaa, vimelea vingi hufa na mkulima hupata mboji. Vigae vya chupa na sindano vikishaingia humo, hakuna atakayeitaka.

Wapo wanaouliza: nitenganishe ya nini, ilhali gari litachanganya tena? Hoja hiyo ina uzito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazitaka serikali za mitaa ziweke utaratibu wa kutenganisha taka kwenye chanzo, kwa hiyo mzigo si wa kaya peke yake. Lakini si lazima kununua gari la aina mpya; ratiba inatosha: siku moja guta libebe zinazooza, siku nyingine zilizo kavu. Wengine husema chumba cha kupanga hakina nafasi. Taka haziongezeki kwa kutenganishwa, na kiroba cha chupa kavu hakinuki. Anayelisha nguruwe mabaki afanye hivyo, mradi yasiwe na nyama ya nguruwe, maana homa ya nguruwe ya Afrika hupitia humo na haina tiba.

Halmashauri zianzie masokoni kama Mwanjelwa jijini Mbeya, ambako taka zinazooza hupatikana kwa wingi mahali pamoja, kisha ziingie mitaani. Nyumbani, anza na ndoo ya pili yenye mfuniko, na betri na sindano ziweke mbali na zote mbili.