Mtaala Mpya na Mzazi wa Kariakoo

Kila Januari mitaa ya Kariakoo hujaa wazazi wanaonunua sare, madaftari na vitabu. Tangu mwaka 2024 manunuzi hayo yanahitaji uangalifu zaidi, kwa maana kitabu chenye jina la somo lile lile chaweza kuwa cha mtaala wa zamani au cha mtaala mpya, na mzazi asiyejua tofauti hutoa fedha yake bure. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuwaeleza waamini wa parokia za katikati ya jiji mtaala ni nini, huandaliwaje na kwa nini hubadilishwa.

Mtaala ni andiko linaloeleza mtoto atoke shuleni akiwa mtu wa namna gani: ajue nini, aweze kutenda nini, afundishwe kwa njia zipi na apimwe vipi. Kutoka humo hutolewa mihtasari ya masomo, kisha vitabu vya kiada na viongozi vya mwalimu. Kazi hiyo hufanywa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, na ofisi zake zipo Mikocheni, jijini humu humu. TET ina pia maktaba mtandao ambamo vitabu vya kiada husomwa bila malipo. Mzazi mwenye simu aangalie humo jalada la kitabu kabla hajashuka sokoni.

Mabadiliko haya si ya kwanza. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, aliyewahi kufundisha katika shule ya Kikatoliki ya Pugu, aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea akilalamikia shule zilizoandaa wachache kwa masomo ya juu na kuwaacha wengi bila stadi ya kuishi. Mwaka 2005 ukaja mtaala wa kujenga umahiri, yaani mwanafunzi apimwe kwa anachoweza kufanya. Lakini darasani, ambako mwalimu mmoja alikabili watoto wengi kwa ubao na chaki, kukariri kuliendelea. Kwa maoni yetu hapo ndipo mitaala mingi hukwama, kwa kuwa kuandika muhtasari mpya ni rahisi kuliko kumwandaa mwalimu.

Safari ya sasa ilianza Aprili 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipolieleza Bunge kwamba sera na mitaala ya elimu itapitiwa upya. Maoni yalikusanywa, na Mei 2023 rasimu zikajadiliwa hadharani Dodoma. Januari 2024 utekelezaji ukaanza kwa baadhi ya madarasa, yakiwemo ya awali, darasa la I na la III, pamoja na kidato cha I cha mkondo wa amali katika baadhi ya shule. Madarasa mengine hufuata kwa zamu, na ndiyo maana watoto wawili wa nyumba moja wamejikuta wakisoma mitaala miwili.

Katika sekondari, somo la biashara sasa ni la lazima. Huku kwetu hilo lina uzito wa pekee. Mtoto anayekaa dukani na mama yake Mtaa wa Kongo amekwisha kujua mtaji, mzigo na faida kabla ya kufungua kitabu. Amekwisha kujua pia risiti isiyotolewa na mizani iliyochezewa. Mwalimu atafundisha kanuni; mtoto atalinganisha na ayaonayo jioni. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya elimu ya Kikristo, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao, na wajibu huo mzazi haukabidhi mlangoni mwa shule pamoja na ada.

Mkondo wa amali nao unasemwa vibaya katika baadhi ya familia, kana kwamba ushonaji, umeme au ujenzi ni adhabu ya mtoto aliyeshindwa. Familia hizo hizo hula kwa kazi za mikono. Yosefu alikuwa seremala, wala hatukumbuki mwamini aliyemdharau kwa hilo.

Liko jambo moja la kupangwa mapema. Elimu ya msingi inapungua kutoka miaka saba kuwa sita, na elimu ya lazima itakuwa miaka kumi, hadi kidato cha IV. Walioanza darasa la III mwaka 2024 watamaliza la VI mwaka 2027, mwaka ule ule ambao waliokuwa darasa la IV watamaliza la VII. Makundi mawili yataingia kidato cha I pamoja mwaka 2028. Katikati ya jiji, ambako viwanja vya shule vimezungukwa na maghorofa ya maduka, nafasi ya kuongeza madarasa ni finyu. Halmashauri za walei na jumuiya ndogondogo zenye watoto wa rika hilo zianze sasa kuwahesabu, na wazazi wahudhurie vikao vya shule ambako suala la madarasa, madawati na walimu litaamuliwa.